Majina Matano Ndani ya Mashine

Jumatatu, 13 Septemba 1999

Nimefungua ofisi saa mbili. Programu mbili za mazishi kabla ya chai. Sokoni Kibuye wanauza nguo, sisi jirani zao tunachapa marehemu. Kazi ni kazi.

Binamu yangu Wekesa wa Nairobi amenitumia diski ya ajabu. Ukiiweka, inatengeneza kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta ya kweli, katika kidirisha chake. Humo unajaribu mfumo wowote bila kugusa Windows yetu. Nimeanza na DOS ya zamani. Imewaka polepole, kama mzee aliyeamshwa usingizini. Nimecheka peke yangu.

Bwana Ouma, mwenye ofisi, hajui. Alishasema mashine hii ikifa, sisi pia tumekufa. Lakini nimechoka kuwa mtu wa kuchapa tu.

Jumanne, 14 Septemba

Mama Penina wa Otonglo amekuja tena. Mumewe anazikwa Jumamosi. Hajui kusoma, kwa hiyo yeye anasema, mimi nachapa. Leo tumemaliza historia ya marehemu. Mwisho kabisa akataja watoto watano waliokufa wachanga. Kila mmoja na jina lake, na siku alizoishi, na alivyolia baba yake. Shemeji yake anataka waachwe. Eti wachanga hawaandikwi.

"Hawa pia ni wa Mzee," akasema. "Andika. Na sitasema tena, nyara. Leo nimesema, imetosha."

Akalia. Mimi pia. Ndiyo mara ya kwanza mteja kuniita nyara, binti yake.

Jumatano, 15 Septemba

Nimeharibu.

Saa nane, ofisi tupu, nikasema nijaribu mfumo wa Linux. Ikauliza kama ifute diski nzima. Nikajibu ndiyo. Nilijua ni diski ya kuigiza. Nilidhani najua. Baadaye kidogo kidirisha kikavimba, kikajaza skrini yote. Windows haipo. Weusi tu, na maandishi meupe yananiuliza mimi ni nani. Kipanya kimekufa.

Historia ya Mama Penina ilikuwa humo. Nakala ya akiba sikutengeneza. Uvivu, hakuna neno lingine.

Sikuthubutu kuzima. Bwana Ouma akachungulia, nikamwambia mashine ina kazi ndefu. Nimedanganya. Nikaifunika kitambaa chake, nikafunga ofisi.

Alhamisi, 16 Septemba

Bado nyeusi. Nimepanga foleni ya simu posta mara tatu. Wekesa hayupo kazini, ametoka, hajarudi. Wateja nimewaambia waje kesho.

Nikajaribu kuandika upya kwa kichwa. Maisha ya mzee nayakumbuka: shamba, kanisa, nyavu. Wale watoto, nimepata majina mawili. Vidole vyangu huchapa na kichwa hakibaki na kitu. Siku zao sikumbuki hata moja.

Majuto ni mjukuu, lakini wangu amekuja mapema. Mama Penina anakuja kesho kusomewa. Bwana Ouma akinifukuza nitatafuta kazi nyingine. Lakini Mama Penina nitamwambia nini? Aseme tena kile alichosema hatasema tena?

Siku nzima naomba umeme usipotee. Na umeme wa Kisumu hauna adabu.

Ijumaa, 17 Septemba

Saa nne nimempata Wekesa. Amecheka mpaka nikataka kukata simu. Eti hakuna kilichofutwa ila ile diski ya kuigiza. Kidirisha kimejaza skrini, basi. Bonyeza Ctrl na Alt pamoja.

Nimekimbia kutoka posta na viatu vya kanisa. Nikabonyeza. Windows hii hapa. Faili hii hapa. Nikashuka hadi mwisho. Watano.

Nimekaa chini sakafuni, nimemshukuru Mungu kwa sauti. Halafu nakala mbili kwenye disketi, ndipo nikafuta machozi.

Bwana Ouma nimemwambia yote.

"Wewe dada utaniua kabla ya siku yangu. Haya, nionyeshe hayo maajabu."

Nikamwonyesha. Akavuta kiti. Ameicheza ile DOS hadi saa saba, ofisi imejaa watu.

Saa tisa nimemsomea Mama Penina kuanzia mwanzo. Sauti imemkauka kwa kulia. Alitikisa kichwa tu, ndiyo, ndiyo. Nilivyo mwepesi leo, siwezi kusema.

Jumamosi, 18 Septemba

Otonglo. Jua kali, watu wengi. Shemeji ndiye aliyesoma historia. Alipofika kwa wale wachanga nilimkazia macho. Alisimama kidogo. Akawasoma, mmoja mmoja, polepole.

Mama Penina alinivuta nikae karibu naye. Akanipa karatasi yake ya programu. Aliniuliza kwa ishara wale watano wako wapi. Nikamwonyesha mahali. Akaweka kidole chake hapo, na hakukiondoa mpaka mwisho wa ibada.