Isale Haikupanda Ndege

Jumanne, 4 Juni
Ukungu. Baridi ya kukata masikio. Bodaboda mpaka Kwa Sadala, gari mpaka njia panda ya kiwanja cha ndege. Kizibao cha kung'aa nimekivaa tangu nyumbani. Makusudi. Watoto wa shule wakaniamkia shikamoo. Nikaitikia!

Hapa kijijini, Masama, wanajua mimi ni ofisa mizigo. Kazi yangu ni kusukuma matoroli na kuyafunga mabegi ya watu kwa nailoni pale nje ya mlango. Nani kaniuliza? Shule niliiachia kidato cha pili, na kila siku naziaga ndege. Wenye vyeti wanachuma kahawa.

Jioni Bibi Ndeonansia kaniita. Jirani yetu, tunapakana kihamba, shamba la migomba na kahawa. Keshokutwa anapanda ndege, mara ya kwanza, kwenda Zanzibar kwa binti yake Anande anayepika kwenye hoteli ya watalii ufukweni. Kajifungua. Bibi alimkataa mkwe wa pwani, harusini hakwenda, na tangu hapo hawaongei. Anasafiri bila kuitwa. Anaogopa.

Nikamwambia, "Bibi, wewe lala. Ile ndege bila mimi haiondoki."

Akacheka mpaka akakohoa.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemsafirisha Bibi. Kazi safi. Nimemkalisha kwenye toroli kama malkia, watalii wakatupiga picha.

Begi lake liligoma kufunga zipu. Ndizi za kukausha, unga wa ulezi, samli, vitenge vya mtoto. Bibi alikuwa msalani. Nikapekua. Chini kabisa kuna gazeti limekunjwa, ndani ya gazeti kuna jani la isale, mmea wetu wa uzio. Nikalipunga juu: "Rama, ona! Bibi anahamisha uzio kwenda Zanzibar!" Rama mwenzangu wa matoroli akacheka mpaka akakaa chini. Wenye teksi nao. Nikalitupa kwenye pipa. Zipu ikafunga.

Bibi karudi, kanishika kichwa, kanibariki. Mjini nilijinunulia soda.

Ijumaa, 7 Juni
Bibi kampigia Mama. Hajafika kwa Anande. Yupo nje ya mji kwa mama mmoja wa usharika, amekaa tu. Anasema hawezi kubisha mlango ule mikono mitupu. Isale yake haimo begini.

Mimi ni Mchaga, sijifanyi sijui. Isale ni ya uzio siku zote, ila ikishafungwa fundo siyo uzio tena. Unampelekea uliyemkosea. Akipelekewa, hawezi kukataa kusamehe. Na lile jani lilikuwa na fundo. Niliona. Nilicheka hivyo hivyo.

Mama kasema kwa sauti ya chini kwamba hajawahi kuona mzazi akimpelekea mtoto wake isale. Kwamba Bibi kaificha kwa sababu ya aibu. Halafu akanitazama. "Godlisten, wewe ndiye ulimfungia begi."

"Ukaguzi, Mama. Majani hayaruhusiwi. Niligombana nao sana."

Ulimi wangu huu ungekatwa ukapewa paka.

 Sasa nakumbuka pipa. Humwagwa kila jioni.

Jumapili, 9 Juni
Kanisani habari imeenea. Isale ya Bibi imetupwa na ukaguzi! Baada ya ibada wazee wamesimama vikundi vikundi. Mzee Aminieli, mzee wa kanisa, kanishika bega mbele ya watu wote.

"Wewe si mkubwa pale? Jumatano tunakuja. Utatupeleka kwa hao waliotudharau."

Nikasema ndiyo, Mzee. Ningesema nini? Wasichana wa kwaya walikuwa wanasikiliza.



Jumatano, 12 Juni
Wamekuja. Mzee Aminieli na koti lake la Krismasi, na Mama. Wamenikuta nasukuma toroli la mzungu, mabegi yamenizidi urefu. Mzee kaniangalia, kaliangalia toroli.  Akaomba aitiwe mtu wa ukaguzi.

Dada wa ukaguzi katoka nje kwa adabu zote, kamwamkia Mzee shikamoo, kamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu:

"Baba, mimi ni Mchaga, mtoto wa Kirua Vunjo. Isale yenye fundo, niitupe mimi? Ningelala wapi?"

Mzee Aminieli akavua kofia, akamwomba radhi. Mzee mzima, mvi tupu, anamwomba radhi binti kwa uongo wangu. Mimi nimesimama pale nachezea gurudumu la toroli. Rama kanitazama. Nikageuka.

Mimi ni mjinga. Siyo mjinga wa kuchekesha.

Ijumaa, 14 Juni
Anande kampigia Mama. Yeye mwenyewe! Nimesikia yote, sauti yake inatoka nje ya simu.

Jana Bibi kachoka kukaa. Kaenda mpaka hoteli ya Anande, akaona mlangoni, kwenye chungu cha maua, isale. Huko ni pambo tu, hakuna anayejua kitu. Akachuma jani moja. Mlinzi akamkamata mkono, akamwita mwizi mbele ya watalii. Bibi anajieleza kwa Kichaga, Kiswahili kimemkimbia. Kelele zikawa nyingi, wapishi wakatoka kutazama. Mpishi mmoja akamwambia Anande, aliyekuja kuwaonyesha mtoto: kuna bibi huko nje analia na jani.

Anande katoka. Kaona jani mkononi mwa mlinzi. Akajua.

Wako pamoja sasa. Bibi anampikia mtori, supu ya ndizi, anamwogesha mtoto. Mama alikuwa anacheka na kufuta machozi kwa pamoja. Kijiji kizima kinacheka. Wanasema Mungu ni fundi.

Mimi sicheki. Nauona mkono wa Bibi. Mkono ulionishika kichwa nikabarikiwa. Kaitwa mwizi kwa ajili yangu, na hajui.

Jumatatu, 17 Juni
Nimemwambia Mama. Yote, hadi kicheko cha Rama.

Hakunipiga. Aliendelea kumenya ndizi. Alipomaliza mkungu mzima akasema, "Kesho Bibi anarudi." Basi.

Nikaenda mpakani. Umande mwingi. Uzio ule ule, nusu wetu, nusu wake. Nimekata majani mawili.

Jumanne, 18 Juni
Leo kizibao nimekiacha nyumbani. Njiani hakuna aliyeniamkia.

Kwenye mlango wa wanaofika madereva walijipanga na vibao vyao, majina ya wazungu. Nikasimama katikati yao na isale. Dereva mmoja kauliza, "Huyo mgeni wako anaitwa Jani?" Siku nyingine ningemjibu mpaka akome.

Bibi akatoka. Kachoka, kiganjani ana hina ya pwani. Akaniona. Akaona nilichoshika. Nikamwamkia, hakuitikia. Nikamwambia ni mimi, siyo ukaguzi. Nikamnyooshea jani.

 Watu wakatupita na mabegi yao. Halafu akalichukua.

"Fundo gani hili? Umefunga kama kamba ya mbuzi."

Akalifungua. Akalifunga upya, vidole vyake polepole, nami nikitazama. Kisha ndipo akasema, "Marahaba."

Akaliona la pili mfukoni mwangu. Sikuhitaji kueleza, nilitazama tu upande wa ukaguzi. Yule dada alikuwa zamu.

Bibi akajikalisha kwenye toroli, jani mapajani.

"Nenda," akasema. "Sina haraka."