Vinzi vya Mkebe wa Mrehani

Kisii Mjini,
14 Mei 1970

Kwa mpenzi Batuli, Mama Shueib,

Pokea salamu zangu, nyingi kama hii mvua inayotunyeshea tangu Pasaka. Hujambo wewe na nyumba yako? Baba Shueib hajambo na biashara? Na Shueib mwenyewe, ameacha kukohoa, ama joto la Kisumu limemletea mengine? Sisi huku tuko. Mume wangu Ratemo bado ni karani palepale kwenye stoo ya kahawa. Bosibori wetu ameota meno mawili na anauma kweli, hasa akinyonya.

Barua yako ya pole niliipata mwezi wa pili na sijaijibu mpaka leo. Usidhani niliidharau. Nilikuwa nashika kalamu, naandika jina la mwanangu Momanyi, halafu naiweka naenda kupika. Surua ilimchukua haraka sana. Wewe ulikuwa ukimwita bwana mdogo, na hukuwepo kuona bwana mdogo alivyonyamaza. Tulimzika Birongo, nyumbani kwa kina Ratemo, tukarudi kwenye chumba kilekile, ukuta mmoja na mlango wako wa zamani.

Sasa nikupe habari za maua yako. Siku mlipohama uliniachia mikebe minne, ukanionya nisiiweke nje maana mbuzi wa jirani hawaachi kitu. Nilikusikia. Yote iko ndani dirishani, na ule wa mrehani uko upande wa kitanda. Lakini tangu mwezi wa tatu nyumba imejaa vinzi. Si wale nzi wa chooni tunaowajua. Hivi ni vidogo, vyeusi, vyembamba kama uzi uliokatwakatwa. Vinatoka kwenye udongo wa mikebe, vinatembea juu ya majani, na ukigusa mkebe vinainuka kama moshi. Vinaingia kwenye uji, vinaingia puani. Bosibori akilala vinamtua machoni, na macho yake yakaanza kuvimba na kutoa uchafu. Mimi nakaa nikimpepea kwa leso mpaka mkono unakufa ganzi. Mama Shueib, nimechoka mpaka nasinzia nikiwa nimesimama.

Orpah, huyu fundi wa nguo aliyeingia chumba chako, ana mdomo. Alinisimamisha mferejini mbele ya wanawake wote, akaniuliza kama ni kweli kwangu tumeanza kufuga nzi, na kama tutakuwa tunawauza kwa kilo ama kwa debe. Wakacheka. Nami nikacheka, nikajaza ndoo, nikaenda kulia ndani.

Mama mkwe, Mama Esnah, alipokuja kutuona alileta mfuko wa maua makavu ya pareto kutoka shambani kwake. Tuliyatwanga, unga mwingine tukanyunyiza kwenye majani, mwingine tukachoma kwenye jiko la makaa tukiwa tumefunga mlango. Vinzi vilianguka dirishani nikavizoa kwa kikombe. Nikafurahi. Lakini hata wiki haikuisha, vingine vikatoka mlemle udongoni kama havijapata habari za wenzao. Mama akasema labda nzi wa mjini wamesoma, hawaogopi pareto ya Birongo. Akafunga mzigo wake akaenda zake.

Ndipo Ratemo akamleta bwana shamba mmoja, Mogire, rafiki yake wa kazini. Mogire aliingiza kidole kwenye mkebe wa mrehani, akanusa, akaniuliza namwagilia nini. Nikamwambia kweli, kwamba kila asubuhi namwaga humo chai, yenye maziwa na sukari, na majani yake. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema amezunguka kutoka Itumbe mpaka Mosocho akifundisha watu kupanda chai, lakini shemeji ni wa kwanza kumwona akiyanywesha maua. Kisha akaeleza vizuri. Vinzi hutaga kwenye udongo wenye maji na vitu vinavyooza, na mimi nimevipikia karamu. Pareto inaua vile vinavyoruka tu, watoto wao wako chini wanakula. Niache chai. Niache udongo ukauke mpaka kidole kikiingia kitoke kikavu. Tena nitoe udongo wote wa zamani niukaange kwenye sufuria kuukuu mpaka utoe moshi, ama niutupe niweke mwingine, na juu nitandaze mchanga mkavu na majivu kidogo.

Mikebe mitatu niliifanya hivyo siku ileile, nikaharibu sufuria. Ule wa mrehani nikasema hapana. Ratemo akasema mayai yakibaki kwenye mkebe mmoja tutakuwa tumefanya kazi bure. Nikasema najua. Akaniuliza kwa upole kama nataka mtoto aliyebaki apofuke kwa ajili ya majani ya kunusa. Hilo neno, aliyebaki, lilinichoma. Nikamwambia mkebe ule asiuguse, nitaukausha mwenyewe, na nikampandishia sauti ambayo hajaisikia kwangu tangu anioe. Alidhani ni kwa ajili yako. Nilimsikia akimwambia Orpah kwamba mimi na wewe tulikuwa kama dada, ndiyo maana zawadi yako inanishinda kuigusa.

Nikajaribu. Niliunyima mkebe chai. Asubuhi nikiinua birika nilikuwa nageuza uso nisiuone. Niliweka kisahani cha sukari, siki na povu la sabuni, vikawa vinazama humo. Vinzi vikapungua, lakini havikwisha, na mrehani ukaanza kukunja majani.

Jumamosi iliyopita nilimbeba Bosibori nikaenda Mosocho sokoni kutafuta ndizi. Niliporudi, Ratemo alikuwa mlangoni amekunja mikono ya shati, anatabasamu kama kijana aliyefaulu mtihani. Akaniambia nifumbe macho, akanishika mkono mpaka dirishani. Mkebe ulikuwa umeoshwa unang'aa. Mrehani umekaa kwenye udongo mwekundu mpya, na mchanga umetandazwa juu vizuri kabisa. Hakuna kinzi hata kimoja. Akasema alijua mwenyewe nisingeweza kwa sababu ya mapenzi, basi amenisaidia, na ua la Batuli ndilo hili, halikutupwa. Nikamuuliza udongo wa zamani uko wapi. Akasema huo nao haukupotea bure. Ameujaza kwenye lile shimo la tope mbele ya mlango, pale ninapoteleza na ndoo, akaukanyaga mpaka ukakaza.

Nikamwambia asante.

Mama Shueib, udongo ule ulikuwa wa Birongo. Baada ya mazishi mama mkwe alisema mvua ikianza pale patapandwa maharagwe, maana shamba ni dogo na kaburi lenyewe ni la mtoto. Hakusema kwa ubaya. Alfajiri nikatoka peke yangu, nikachota kwa mikono juu ya kaburi la Momanyi, nikafunga kwenye ncha ya leso. Unajua kwetu mwanamke akionekana anazoa udongo wa kaburi hakuna anayemuuliza ni wa nini. Wanakuwa wameshamwita mchawi. Ndiyo maana hata Ratemo nilimficha. Nyumbani niling'oa mrehani wako, nikajaza udongo huo mkebeni, nikaupanda humo. Na chai haikuwa mbolea. Unakumbuka alivyoipenda, yenye maziwa mengi, anakuja mwenyewe na kikombe chake cha bati. Nilikuwa nammiminia yake kabla sijanywa yangu. Hiyo mikebe mingine nilikuwa naipa kidogo tu, watu wasiulize. Vinzi niliviita mimi.

Sasa mtaa wote unapita juu yake. Orpah anapita, muuza maziwa anapita, na mimi nikitoka na ndoo sina njia nyingine, mlango ni mmoja. Nilifikiri kuuchimbua, lakini umeshachanganyika na tope na kokoto, sijui kipi ni kipi. Mvua ya jana imeusukuma mwingine kwenye mtaro.

Ratemo sitamwambia. Alifanya kwa mapenzi, na akijua, hataweza tena kutoka kwenye mlango huo kwenda kazini. Wacha nibebe mimi. Na wewe usinijibu juu ya jambo hili, wala usinitumie pole. Barua zako huzifungua yeye, ananisomea kwa sauti nikinyonyesha. Niandikie bei ya leso na samaki, niandikie Shueib anavyosoma. Nitajua umenisikia.

Mwamkie Baba Shueib kwa heshima, na mama yako akija kuwatembelea mshike mkono kwa niaba yangu. Bosibori anakupungia. Macho yake yamepona, hayatoi tena kitu, na anatazama kila kinachopita mlangoni.

Ni mimi akupendaye,
Persis