Siku Niliyokunyima Mpira

Ndugu yangu mkubwa Kiplang'at,

Juzi tulipokuzika, wazee walisimama mmoja baada ya mwingine wakakusifu kwamba hakuna mtu aliyewahi kukubishia. Nilinyamaza kwa ajili ya shemeji tu. Leo nina kalamu na hakuna wa kunivuta koti. Walisema uongo, tena uongo unaokupunguza.

Ulibishiwa! Ulibishiwa kila jioni, msimu mzima, kwenye uwanja wa chuo chetu cha ualimu pale Kericho, na ndiyo sababu tukachukua kombe.

Unakumbuka tulivyoanza. Mwaka uliotangulia, timu ya shamba la chai ilikuwa imetufunga matano bila jibu. Mkuu wa chuo, yule Mzungu, alitupanga mstari akatuambia kwa Kiswahili chake: "Nyinyi hapana weza kuongoza nyinyi." Tukishindwa tena, mwalimu wa hesabu, Mzungu mwenzake, angeingia uwanjani kuwa kapteni wetu badala yako. Ilikuwa miaka ya hamsini. Walituambia hivyo kuhusu kila kitu, kuanzia mpira hadi nchi.

Ugonjwa wetu uligunduliwa na kipa, Ndung'u, mtoto wa wenye duka wa Kedowa ambao walihamia huku kutoka nchi ya Wakikuyu.

"Mimi nikiwa golini nawaona vizuri," alituambia. "Nyinyi hamchezi mpira. Nyinyi mnapeana viti."

Tulicheka. Wewe hukucheka, maana alikuwa amesema kweli. Kila kijana wetu wa Kipsigis akipata mpira alimtafuta mtu wa rika la mbele yake, akampa kwa adabu kama anayempa mzee kibuyu cha maziwa. Mpira ulipanda ngazi ya marika mpaka ukakufikia wewe, hata ukiwa umezungukwa na watu watatu. Na mimi, mdogo wako wa tumbo moja, ndiye niliyekuwa mbaya kuliko wote. Goli likiwa wazi mbele yangu, nilikuwa nageuka kukutafuta wewe.

Jioni iliyofuata ulitukusanya katikati ya uwanja. "Ndani ya hizi laini hakuna mkubwa," ulisema. "Anayeniona nimekosea anipigie kelele. Asiyeweza, akae nje."

Maskini Cheruiyot, winga wetu! Alijaribu siku hiyo hiyo, tukicheza mazoezi na wanafunzi wengine: "Ndugu mkubwa, samahani, kama si vibaya, ungerudi nyuma kidogo..." Kabla hajamaliza sentensi yake tulikuwa tumefungwa. Ndung'u alilala chini akacheka mpaka akashika tumbo.

Lakini tulijifunza. Baada ya wiki chache tulikuwa tunapiga kelele kuliko soko la Bomet. "Kiplang'at, umelala?" "Kiplang'at, huo mpira si mke wako, uachilie!" Nawe uliuachilia, ukarudi nyuma ukikimbia, bila kununa. Tukiingia chumba cha kulia, tulikumiminia chai wewe kwanza, kama kawaida. Heshima haikupungua hata tone. Wazee wa juzi wangekuwepo waone!

Basi tukaanza kufunga watu. Tuliwafunga Bomet kwao, mbele ya mama zao. Tuliwafunga Mogogosiek kwenye matope ya kufika kwenye vifundo vya miguu. Kedowa tuliwafunga, kisha mama yake Ndung'u akatulisha githeri, mahindi na maharagwe yake, mpaka tukashindwa kuinuka. Hakuna aliyetuweza.

Fainali ilikuwa kwenye uwanja wa shamba la chai, dhidi ya wale wale waliotufunga matano. Mvua ya mchana ilikuwa imepita na nyasi zinateleza. Wachuma chai walijaa kando, wakituzomea: "Walimu! Rudini kwa chaki yenu!" Mkuu wa chuo aliketi kwenye kiti, na kando yake mwalimu wa hesabu, ambaye tayari alikuwa amevaa viatu vipya vya mpira, eti anavizoesha miguu.

Tulikuwa tumefungana bao moja kwa moja, mechi ikielekea kuisha. Beki wao mkubwa, Mkipsigis kama sisi, aliwaambia wenzake tukisikia: "Mshikeni huyo mkubwa tu. Hawa watoto watampa."

Mpira ukanifikia upande wa kulia. Ukakimbia kushoto, mkono juu, ukipaza sauti: "Nipe! Mimi ndugu yako mkubwa, nipe!" Mabeki wawili wakakurukia. Kipa wao akaegemea upande wako. Malezi yangu yote yaliniambia nikupe. Kutoka goli letu nikamsikia Ndung'u: "Mnyime! Mnyime!"

Nikakunyima. Nilipiga, na wavu ukatikisika.

Wewe ndiye uliyenifikia wa kwanza, ukaniinua juu ukiniita mtoto mbaya. Nikakuuliza kama kweli uliutaka ule mpira. "Ungenipa," ulisema, "ningekuchapa hapa hapa mbele ya watu."

Mkuu alipokukabidhi kombe alianza kusema jinsi mafunzo yake yamezaa matunda. Ukamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha ukasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye majani ya chai: "Bwana, sasa mwalimu wa hesabu anaweza kuvua viatu."

Hata waliokuwa wakituzomea walishangilia.

Tangu siku hiyo nimegombana magazetini na mikutanoni na wakubwa wanaodai kila pasi, wakishaipata wanasimama nayo, na ukimya wetu wanauita heshima. Hao ndio waliotaka kukuzika kama mmoja wao. Sikubali. Wewe uliongoza kwa kukubali kubishiwa, na ukashinda.

Jana nyumbani kwako niliwaambia wazee haya yote, nikaendelea na kuendelea. Binti yako wa mwisho akanikatiza mbele yao: "Baba mdogo, unaongea peke yako tangu asubuhi. Wengine pia tulikuwa na baba." Wazee waliguna, mmoja akatafuta fimbo yake. Mimi niliona fahari mpaka machozi yakanitoka. Nikakaa, akazungumza yeye.

Pumzika, kapteni.

Mdogo wako wa tumbo moja