Namwita Sista

Jumapili, 2 Machi

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: nafurahi Mama anapokosea.

Si kukosea kazini, Mungu aepushe. Kwenye karatasi tu. Akiandika jibu la ovyo nami nikalizungushia duara jekundu, kuna kitu kinanitekenya kifuani. Leo kaandika kwamba ini liko kushoto. Nilizungushia polepole, nikaona raha mpaka nikaona haya.

Sijawahi kuwa mkubwa wa mtu. Shuleni sikunyoosha mkono hata mara moja. Mwalimu wa baiolojia aliniita "wewe wa dirishani" mpaka namaliza. Nikigonga mlango wa duka kwa bega, nauomba radhi mlango. Sasa shule imeisha, nipo nyumbani nasubiri — sijui nasubiri nini — na ghafla nina mwanafunzi. Mwanafunzi mwenyewe ndiye aliyenizaa.

Habari yenyewe ni hii. Mama ni nesi msaidizi, wodi ya wanaume. Anaosha wagonjwa, anawalisha, anawageuza, anapima joto, anatandika. Sindano ya mshipa haimhusu. Sahihi kwenye faili haimhusu. Hayo ni ya masista, maana wao wamesomea na wamesajiliwa. Sasa chuo kinatoa mtihani kwa wasaidizi wanaotaka kusomea usista: Jumamosi ya tarehe 29, maandishi asubuhi, mdomo mchana. Mwakani Mama atakuwa amepita umri wanaoutaka. Kwa hiyo ni mwaka huu, au aendelee kubeba mikojo ya watu mpaka astaafu. Maneno yake, si yangu.

Jirani wa mlango wa pili aliposikia Mama anataka kuwa sista alidhani anaingia utawani. Bibi akamwambia kwa utawa amechelewa, ushahidi huu hapa, akanielekezea kidole.

Bibi ni mama yake Mama. Anaishi nasi na kiti kizuri ni chake. Leo alipoona kalamu nyekundu alisema: "Mke mwenza, mchape. Mimi nilimchapa hakusikia."

Jumanne, 4 Machi

Swali: taja kazi mbili za figo. Mama kaandika: "1. Kuchuja damu. 2. Kunitembeza na chupa ya mkojo siku nzima."

Nikampa alama moja kati ya mbili. Akadai ya pili. "Ni kweli au si kweli?" Nikasema ni kweli lakini haimo kitabuni. Akasema basi aliyeandika kitabu aje zamu moja tu, ataongeza ukurasa.

Hesabu ni balaa. Desimali anaziogopa kama nyuki. Nikamwambia nukta ikihama mahali pake, mgonjwa anapewa dawa mara kumi. Akavuta karatasi. Kisha akarudia hesabu zote tangu mwanzo bila kuambiwa, akapata zote. Sikuwa na cha kuzungushia. Jioni yangu ikaharibika.

Alhamisi, 6 Machi

Leo tumegundua ugonjwa.

Ni maswali ya wodini. Mgonjwa ameanguka kutoka kitandani, utafanya nini kwanza? Mama: Namwita sista. Mgonjwa anabanwa kifua? Namwita sista. Mgonjwa amekataa dawa? Namwita sista. Ndugu wa mgonjwa wanapigana karibu na kitanda? Namwita sista. Wodi inawaka moto? Hapo kaandika: "Namwita sista haraka."

Hiyo "haraka" ndiyo iliyoniua. Nilicheka mpaka nikashika meza. Bibi akauliza huyo sista ana mpira wa maji tumboni au vipi.

Mama hakucheka. Akasema ndivyo alivyofundishwa na ndivyo ilivyo. Msaidizi akigusa kisichomhusu anafukuzwa. Kuna mwenzake aliongeza kasi ya dripu kwa huruma tu, kesho yake akawa nyumbani. Wewe unaona, unaita, unasimama pembeni. Hiyo ndiyo kazi.

Nikasema, "Lakini Mama, kwenye karatasi hii sista ni wewe."

Akalitazama swali. Akageuka kutazama nyuma yake, kweli tena, kama vile kuna mtu kasimama pale. Halafu akafunika kitabu, akasema anakwenda kuanua nguo.

Nguo zilikuwa bado mbichi.

Leo hakuna kilichonitekenya.

Jumamosi, 8 Machi

Sheria mpya ya nyumba, kaitunga Bibi: atakayesema "namwita sista" au neno lolote la ukoo huo, anaosha vyombo. Mama kaosha vya asubuhi. Kaosha na vya mchana. Bibi anakula kwa sahani mbili, makusudi.

Jumatano, 12 Machi

Bibi ndiye mgonjwa wetu wa mazoezi. Analala kwenye kochi, mimi nasoma swali, Mama anatibu. Jana alikuwa na pumu. Leo kaanguka bafuni. Anazidisha. Kafa mara mbili bila kuombwa, na mara ya pili kaacha wosia: koti lake la bluu asipewe jirani wa mlango wa pili.

Mama anakuja, anainama, anatazama kifua kinavyopanda, anauliza maswali, anashika mkono kuhesabu mapigo. Hapo hana shida. Shida ni simu. Sista lazima ampigie daktari amweleze hali ya mgonjwa. Daktari ni mimi, nimekaa jikoni na mwiko sikioni. Mama anapiga: "Samahani daktari, samahani kukusumbua, ni mimi tu, sijui hata kama ni kitu, samahani —"

"Keshakufa huyo," Bibi akasema kutoka kwenye kochi. "Mmeshazika, mnakunywa chai."

Tukarudia. Tukarudia tena. Mwishoni ilibaki samahani moja tu, mwanzoni kabisa, kama mtu anayepiga hodi. Nikamwachia. Mimi mwenyewe ningeweka tatu.

Ijumaa, 14 Machi

Mama kasahau miwani, nikampelekea wodini. Nilimkuta anapanga shuka kabatini, kingo zimelingana kama kurasa za kitabu kipya.

Sista wa zamu ni msichana tu. Funguo zinalia kiunoni, wagonjwa wanamwita Kengele. Alipoanza kazi, Mama ndiye aliyemwonyesha kila kitu kinakaa wapi. Si mtu mbaya. Alisimama mlangoni akasema, "Mama, ukienda kusoma nani atanipangia shuka hivi? Usifaulu bwana, nakuomba." Akacheka. Wagonjwa wakacheka. Mama naye akacheka, kile kicheko chake cha picha ya kitambulisho.

Nilikuwa na jibu. Zuri. Lilinijia lote, na nukta zake.

Nikasema, "Samahani." Nikaweka miwani juu ya toroli nikaondoka. Jibu nikalitolea njiani. Nguzo ya umeme ya pale kona imesemwa vibaya sana leo.

Jumanne, 18 Machi

Mama kaosha vyombo mara moja tu tangu Jumapili. Bibi analalamika kwamba mgonjwa akipona mapema, starehe zinakwisha.

Jumatatu, 24 Machi

Leo nimempa mtihani mzima, kama ule wa chuo, kitabu kimefungwa. Mama jikoni, mimi sebuleni, Bibi msimamizi. (Msimamizi alisinzia.)

Kapata yote.

Nilipitia mara ya pili nikisaka kosa kama anayesaka chawa. Nilipata herufi moja imerukwa kwenye neno "utumbo". Nikaizungushia, ili kalamu isije ikakauka.

Kwenye swali la moto kaandika: "Nawaondoa walio karibu na moto. Nafunga mlango. Namwamuru msaidizi apige king'ora." Namwamuru! Mama yangu, anayemwomba kuku radhi kabla ya kumfukuza.

Niliingia chooni nikalia kidogo. Sijui kama ni kwa furaha au kwa kufutwa kazi.

Jioni jirani wa mlango wa pili alikuja kuazima pasi. Akaniuliza, "Na wewe binti, shule ndiyo hiyo imeisha. Unataka kusomea nini?"

Nikasema, "Muulize Mama."

Bibi hakugeuza hata shingo. "Vyombo," akasema.

Nimeosha.

Ijumaa, 28 Machi

Mama kapiga pasi sketi mara mbili. Bibi kamwambia akiendelea hivyo kesho atavaa karatasi. Hakuna aliyekula vizuri. Hakuna masomo leo, nimekataza.

Jumamosi, 29 Machi

Naandikia kwenye benchi, korido ya chuo. Mwandiko umepinda. Usinicheke.

Maandishi yameisha asubuhi. Mama alitoka midomo imebanwa, akasema nukta zote ziko mahali pake, basi. Mchana ndiyo zamu ya mdomo. Korido ilijaa wasaidizi, kila mtu na viatu vyake vya kubana. Karani anasimama mlangoni na orodha, anaita namba. Asiyeitika anarukwa, na akirukwa ndiyo basi mpaka mwakani. Mama hana mwakani.

Kulikuwa na kaka mmoja mnene, wa wodi ya watoto, tangu asubuhi anawafundisha wenzake majibu bila kuombwa. Mama alimpa jina la Spika, akaninong'oneza. Basi Spika, katikati ya sentensi, akaanza kuchuruzika jasho. Mikono ikatetemeka. Akateleza ukutani mpaka chini.

Na korido nzima — manesi wasaidizi watupu, waliozeeka wodini — ikapaza sauti moja: "Mwiteni sista!"

Naapa. Karani akachungulia kulia na kushoto kumtafuta huyo sista.

Midomo ya Mama nayo ilifunguka. Nilimwona. Akaniangalia. Nadhani sote wawili tulifikiria vyombo. Akaifunga.

Akapiga magoti, na sketi yake ile. "Kaka, unanisikia? Una ugonjwa wa sukari?" Spika akaitika kwa kichwa. Kumbe alijichoma insulini asubuhi, akaruka chakula ili awahi foleni. Mama akasema, "Wewe, lete soda." Wewe ni mimi. "Wewe mrefu, fungua dirisha. Nyie wengine rudini nyuma, hapa si sinema." Akamkalisha, akamwegemeza kifuani kwake, akamnywesha kidogo kidogo huku anamsemesha. Nilitega sikio. Hakuna samahani hata moja.

Hapo ndipo karani alipoita namba ya Mama.

Mama hakuinua kichwa. Sijui hakusikia, au alisikia. Karani akaita tena, kalamu imeshagusa karatasi. Nikatafuta mtu wa kusema. Nilitazama huku na huku, nakuambia ukweli. Lakini mtu ninayemtafuta siku zote wakati kama ule alikuwa sakafuni, ameegemewa na mwanamume mzima.

Nikapita chini ya mkono wa karani.

Ndani kuna watahini watatu, chupa za maji, feni inayolalamika. Sauti iliyonitoka ilikuwa yangu, ila kama nimeiazima kwa mtu mpana zaidi. Nikasema namba hiyo yupo. Nikasema yuko na mgonjwa hapo nje, hawezi kumwacha, na mtasubiri. Hivyo hivyo: mtasubiri. Tafadhali ilinijia nilipokuwa nimeshamaliza.

Mzee wa katikati akavua miwani akaniuliza mimi ni nani. Nikamjibu. Akanitazama, akamtazama mwenzake, akamwambia karani aache kalamu.

Wakasubiri.

Sasa hivi Spika amekaa karibu yangu, anakula mkate wa watu, na ameanza tena kufundisha. Mama kanawa mikono kaingia. Sketi ina vumbi magotini, sikuwahi kumpangusa. Mlango haufungi vizuri, nasikia kila kitu. Wamemuuliza: uko peke yako wodini, hali ya mgonjwa imebadilika ghafla, utafanya nini kwanza?

Kimya.

Feni inalia. Nimemwashiria Spika atafune polepole.

Nikuambie haraka nilichomjibu yule mzee, maana kitaniwasha ulimi mpaka nyumbani. Alipouliza mimi ni nani, sikusema mwanawe. Nilisema, "Mimi ndiye mwalimu wake." Mbele ya watu watatu, na kidevu juu. Lifiche hapa hapa. Bibi akilipata nitaitwa hivyo mpaka kaburini. Usimwambie mtu, na Mama mwenyewe usimwambie, na sasa nyamaza, nyamaza, ndiyo anaanza kusema —