Simu Mbili, Anwani Moja

Shikamoo Mama, nanyi nyote mtakaosomewa kadi hii sebuleni, nawasalimu kutoka bonde la Mkondoa.

Mvua haikatiki, na ugali wa leo umenishinda. Niliitwa kwenye kituo kidogo cha afya, ambako simu ya wodi ya wazazi ilikuwa bubu. Kila simu ya mezani ya mtandao huhitaji anwani yake peke yake, namba ya kuitambulisha. Hapa, kwa kuwa ya mapokezi ilifanya kazi vizuri, walinakili mipangilio yake yote, anwani ikiwamo, wakaiweka kwenye simu ya wodini. Ikawa moja ikisikika, nyingine inanyamaza. Jana asubuhi, mvua ikiwa imezima mnara wa simu za mkononi, ilinyamaza ya wodini, nesi akiita gari la wagonjwa kwa ajili ya mama mzazi aliyekuwa akivuja damu. Mama yule alifariki.

Niliipa simu anwani mpya, nikaijaribu. Ililia. Mume wa marehemu, aliyekuwa amekaa nje ya wodi, akasimama mlangoni.

"Fundi, ndiyo imepona?"

"Imepona, ndugu yangu. Pole sana."

"Basi niitie gari lile lile, lije limchukue. Waambie waje taratibu, haraka haipo tena."

Nilipiga. Walipokea papo hapo.

Mama, mdogo wangu Neema asingoje uchungu uanze. Ahamie kwa shangazi, karibu na hospitali, wiki hii hii. Nawapenda nyote, na Mungu awafunike.

Mwanao, Elia