Maji ya Sabato

Jumatano, 5 Machi 2025
Nimesahihisha madaftari ya darasa la sita hadi nusu. Ndugu yangu Evans amepiga simu kutoka nyumbani Masimba. Mama ameanguka. Kijito kilichokuwa kikipita nyuma ya nyumba kimekauka, sasa anateremka hadi mtoni. Ijumaa alibeba mara mbili ili maji ya Sabato yawe tayari kabla jua halijazama. Goti limevimba.

Nikauliza kijito kimekaukaje. "Jua kali, dada."

Jua gani. Nyanya alichota hapo maisha yake yote, na jua lilikuwepo.

Ijumaa, 7 Machi
Nimetoka shuleni Nyakoe baada ya vipindi vya asubuhi. Nimeshuka mtoni na kupanda na ndoo mara sita. Shingo imekaza. Mama anafanya hivi kila wiki na miaka sabini na kitu.

Jirani amenidokezea: Evans alipanda mikaratusi, miti inayonyonya maji, kwenye kishamba cha Baba kule juu msituni, pale pale kijito kinapoanzia. Evans mwenyewe yuko Nyamira na kwaya. Bahati yake.

Nimenoa panga.

Jumamosi, 8 Machi
Sikwenda kanisani. Nilimwambia Mama naenda kutembea mlimani. Sabato inaruhusu matembezi. Panga lilikuwa ndani ya begi, chini ya ndizi na chupa ya maji.

Peke yangu, mwendo wa saa mbili na zaidi. Mashamba ya chai kwanza, kisha msitu. Nilifuata mkondo mkavu, mawe matupu. Giza la miti, mizizi inayoteleza, tumbili wakinichungulia. Nilimtukana Evans kwa sauti. Pumzi ilipokwisha nikamtukana kimoyomoyo.

Nikaikuta mikaratusi. Minene, imezunguka chemchemi pande zote. Katikati, tope lililopasuka. Nikatoa panga, nikainua mkono. Mkono ukakataa. Kukata mti ni kazi, na jua halijazama. Nimelelewa hivyo. Nilisimama pale na panga langu kama mjinga, na hasira yote haina pa kwenda.

Juu kuna mtandao. Nikampigia Evans, nikammwagia yote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Dada, si ni wewe ulileta hiyo miche? Ile ya siku ya miti shuleni kwenu. Ukasema niweke penye maji ndiyo ishike haraka."

Nikakata simu.

Ni kweli. Niliiacha kibarazani, nikarudi Nyakoe, sikuifikiria tena. Kumbe ile "jua kali" alikuwa ananisitiri. Nilimchukia kwa kunisitiri. Halafu nikajichukia mimi, hadi nyumbani. Ndizi sikugusa.

Jumapili, 9 Machi
Evans alifika asubuhi na mapema. Hakutaja simu. Alibeba msumeno, mimi panga. Tumeangusha sita, mingine wiki ijayo. Hatujui kama maji yatarudi.

Jioni Mama aliuliza nani hasa alipanda ile miti. Evans akafungua mdomo. Nikamwahi, nikasema ni mimi.

Mama aliendelea kukanda goti. Kisha akaniuliza kama nitakuja Ijumaa.

Nikasema nitakuja.