Nusu ya Sinia Ni ya Dada Mkubwa

Baba watoto, na wewe Kitinda mimba,

Tangu jana sijatulia. Mshona nguo, yule ninayekaa naye darasa la uchoraji, kaniambia eti binti yetu mkubwa amerudi mjini, na ameulizia kama bado tunachora Jumamosi. Huenda ni uvumi tu, lakini lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nimewahi kwenda kumshikia kiti.

Chai iko kwenye chupa. Maharage myapashe moto, yasiungue kama juzi.

Sasa hilo sinia. Baba, najua ulitaka kunifurahisha. Lakini asubuhi nimekuta umelipaka vanishi lote, hata ule upande mtupu. Sikuusahau ule. Mimi huchora majani, binti yetu huchora maua, ndivyo tulivyopatana, na tangu tugombane akaondoka, mwaka mzima nimemwekea nafasi yake. Juu ya vanishi rangi haishiki. Nikakufokea, nawe ukanitania, "Mama watoto, chai haijui maua." Haijui, ila mimi najua. Nitamuuliza mwalimu namna ya kuikwangua kwa msasa bila kuharibu majani.

~~Nitarudi saa sita.~~ Msinisubiri. Nitakaa mpaka mlango wa darasa ufungwe.

Tukipishana njiani akafika hapo kabla yangu, nawaonya mapema:

Msimuulize alikuwa wapi.
Msiguse brashi zake kabatini.
Msimwambie kwamba nililia.
Msimwonyeshe sinia likiwa hivyo.
Msimwache aondoke.

Mama